Masharti ya Rafiki

Kibugu, Jumanne, 3 Juni 2025

Ukungu umekaa juu ya michai tangu asubuhi. Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Nne. Niliwauliza kwa nini Tanzania ilikosana na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, mwaka 1965. Wengi wamejibu "kutofungamana na upande wowote" wakaishia hapo. Lazima niwasimulie upya.

Zanzibar, baada ya mapinduzi ya Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki. Aprili ikaungana na Tanganyika, rafiki wa Ujerumani Magharibi, kuwa Tanzania. Bonn ilishikilia kwamba anayewatambua wa Mashariki amevunja urafiki nayo. Rais Nyerere akatafuta njia ya katikati: Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Bonn ikakasirika, ikawaondoa wakufunzi wa kikosi cha anga. Nyerere akawaambia wachukue na misaada iliyobaki.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesimulia. Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, si walioumia ni wananchi?"

Nikaiweka chaki chini. Hasara ilikuwa ya kweli, nikamwambia. Desemba mwaka uleule Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa kutouzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wake wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Lakini nchi inayochaguliwa marafiki ingekuwa huru kwa bendera tu. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawaeleza wananchi waziwazi kwamba pesa za kutoka nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo.

Alitikisa kichwa polepole. Sidhani nimemridhisha.

Jumamosi, 7 Juni

Tumechuma chai na Mama hadi saa sita, majani mawili na chipukizi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Jamaa yetu amepiga simu tena: atamlipia mwanangu karo, mradi nisiongee na kaka yangu waliyegombana naye. Nimemshukuru, nikakataa.

"Mkono mtupu haulambwi," Mama akasema. Ni kweli, na bonasi ya chai ni hadi Oktoba.

Swali la yule msichana limenifuata mpaka nyumbani. Jioni nimemwita mwanangu, nikamweleza yote, maana karo ikichelewa atakayerudishwa ni yeye. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza tunaanza kuchuma saa ngapi Jumamosi ijayo.