Bidii ya Uchina, Kipaji cha Uingereza, na Mwana Wetu wa Nyumbani



Sisi ni mume na mke, wakaazi wa Mombasa, tuliojaliwa wana watatu. Kifungua mimba wetu wa kiume huu ni mwaka wake wa nne mjini Wuhan, Uchina, akisomea uhandisi wa ujenzi. Dada yake yuko Leicester, Uingereza, akisomea ualimu wa shule za msingi. Kitinda mimba tungali naye nyumbani, yuko kidato cha nne. Haya tunayoyaandika yamhusu zaidi yeye, na kabla ya kuyatuma tulimpa ayasome. Aliyasoma, akatuomba jambo moja tu: jina lake lisitajwe.

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri tuna baraza yetu ya simu. Kwetu kahawa iko mezani. Wuhan usiku umekwisha kuingia, na Leicester ndiyo kwanza adhuhuri imepita. Katika baraza hiyo ndipo sisi wawili tulipogawanyika pasi na kutambua. Mmoja wetu akawa wakili wa Uchina, mwenziwe akawa wakili wa Uingereza. Wakili wa Uchina alishikilia kwamba nidhamu ndiyo iliyoliinua taifa lile. Wakili wa Uingereza akajibu kwamba mtoto si punda wa kutwikwa mizigo. Aachwe aulize maswali na achague njia yake. Mabishano hayo tuliyafurahia kama tulivyoifurahia kahawa yenyewe, mpaka siku yalipomwangukia asiyekuwa na hatia.

Mwezi wa pili mwana huyu alirudi na karatasi ya matokeo ya mtihani wa majaribio. Hesabati alipata D. Wakili wa Uchina akasema, "Ndugu yako amefika Uchina kwa hesabu hizi hizi zinazokushinda wewe." Mwenziwe, akidhani anamtetea, akasema neno zito zaidi: "Mwache, kila mtu na kipaji chake. Huyu hesabu hazimo." Mwana aliikunja karatasi yake, akaingia chumbani. Kwa siku kumi na mbili alikula nasi bila ya kutamka zaidi ya "ahsante" na "nimeshiba". Ijumaa mbili zikapita, hakuja barazani. Dada yake ndiye aliyeuliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Tukababaika, kisha tukamweleza. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Baba, mama, mimi na kaka hamtusikilizi. Mwatutumia."

Tangu siku ile tukaanza kuuliza upya, si kwa kubishana bali kwa kutaka kujua: nchi hizi mbili huwafunza vipi wana wao?

La kwanza lililotushangaza ni kwamba mtihani wa maandishi wa kuteua watu, ambao tuliudhania kuwa mali ya Waingereza, ulikuwa wa Wachina karne nyingi kabla yao. Uchina iliteua maafisa wa serikali kwa mitihani tangu enzi ya ukoo wa Sui, yapata mwaka 605, na desturi hiyo haikufutwa mpaka 1905. Mjini Nanjing palikuwa na uwanja wa mitihani wenye vyumba vidogo zaidi ya 20,000. Mtahiniwa aliandika humo, akala humo, akalala humo. Majibu yalinakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asiitambue hati ya mtu anayemjua. Kwa njia hiyo mwana wa mnyonge aliweza, japo kwa nadra, kumpita mwana wa mkubwa.

Uingereza nayo, hadi katikati ya karne ya 19, ilitoa kazi za serikali kwa kujuana. Ilipofika 1854, ripoti ya Stafford Northcote na Charles Trevelyan ilipendekeza watu wateuliwe kwa mtihani, na miongoni mwa waliopinga wakawamo walioibeza kuwa ni desturi ya Kichina. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kikaanza mitihani yake ya shule, nayo ikasafiri pamoja na dola yao. Wazee wetu wengi waliotoka shule za sekondari hapa pwani zama za ukoloni waliondoka na cheti cha Cambridge mkononi. Basi ile karatasi iliyomnyamazisha mwana wetu siku kumi na mbili ilikuwa na nasaba ndefu kuliko tulivyodhani.

Mtihani mkubwa wa Uchina wa leo huitwa gaokao. Kwa kawaida huanza tarehe 7 Juni, na siku hizi watahiniwa hupindukia milioni kumi. Kazi za ujenzi zenye makelele husimamishwa karibu na vituo, na polisi humkimbiza kwa pikipiki mtoto aliyechelewa. Umma unauenzi mtihani huu kwa sababu unakumbuka ulivyokuwa bila ya huo. Ulisimamishwa mwaka 1966 yalipoanza Mapinduzi ya Utamaduni, na vijana wengi wakapelekwa mashambani. Ulipofunguliwa tena mwaka 1977 walijitokeza watahiniwa wapatao milioni 5.7, na waliopata nafasi walikuwa kama 270,000 tu. Kwa watu wale, mtihani ulikuwa mlango uliofunguka baada ya miaka kumi ya kubisha hodi.

Lakini kifungua mimba wetu alitusimulia pia upande wa pili. Rafiki yake wa darasani alifanya gaokao mara mbili. Mwaka wa kurudia aliamka kabla ya alfajiri na kulala kati ya usiku, mamaye akaacha kazi ili ampikie. Alifaulu. Hadi leo huota yumo ndani ya chumba cha mtihani na kalamu haitoi wino. Serikali yenyewe imeliona tatizo hilo. Mwezi Julai 2021 ilitoa amri ya kupunguza kazi za nyumbani na kuyazuia makampuni kutafuta faida kwa masomo ya ziada ya shule. Wala uwanja si sawa kwa wote, kwani mtoto wa mkulima aliyehamia mji mkuu kutafuta riziki, kwa kawaida hana budi kurudi kufanyia mtihani mkoa alikoandikishwa, na nafasi za vyuo vikuu bora hazigawanywi sawa kati ya mikoa.

Uingereza kwa nje ni pole. Kijana wa miaka kumi na sita huchagua masomo matatu hivi anayoyapenda, akaandika maelezo juu ya nafsi yake, na chuo kikuu kikampa nafasi kwa sharti la alama. Kumuuliza mwalimu "kwa nini?" si utovu wa adabu. Hata hivyo, huko pia mlango mmoja ni mpana kuliko mwingine. Wanafunzi wa shule za kulipia nchini England ni kama asilimia 7 tu, ilhali shule moja, Eton, iliyoasisiwa 1440, imetoa mawaziri wakuu 20. Na ndani ya madarasa ya kawaida, binti yetu alikuta desturi ambayo bado ipo katika shule nyingi: watoto wadogo huketishwa meza mbalimbali kwa kadiri ya uwezo. Meza huitwa kwa majina mazuri ya rangi au wanyama, lakini mtoto wa miaka sita ajua vyema meza yake ni ya kina nani.

Hapo ndipo aliposema jambo lililotufungua macho. Mwaka 2009, na tena 2012, wanafunzi wa Shanghai waliongoza katika mtihani wa kimataifa wa PISA kwa hesabati, sayansi na kusoma. Waingereza wakataka kujua siri. Kuanzia 2014 wakawa wakibadilishana walimu wa hesabati na Shanghai. Walitarajia kukuta ukali na kukariri. Walichokikuta ni darasa linalokwenda pamoja. Mwalimu wa hesabati wa shule ya msingi hufundisha somo hilo peke yake, vipindi vichache kwa siku. Muda uliobaki husahihisha madaftari na kumwita aliyekwama siku ile ile, ili kesho asiachwe nyuma. Nyuma ya utaratibu huo ipo itikadi, kwamba kushindwa leo ni upungufu wa mazoezi, si upungufu wa akili.

"Mama," akasema, "huko hawasemi hesabu hazimo. Husema hazijaingia bado."

Tulitazamana sisi wawili, hatukuwa na la kusema. Wakili wa Uchina alikuwa ameuchukua ukali wa Wachina akaiacha imani yao kwamba kila mtoto aweza. Wakili wa Uingereza alikuwa ameichukua dhana ya kipaji akauacha upole wa kumsikiliza mtoto. Kila mmoja alikwenda sokoni ugenini, akarudi na ganda, kokwa akaiacha huko. Na vyote viwili tulimtwisha mtoto mmoja jioni moja.

Jambo jingine likatugusa, nalo ni la wazee. Sheria ya Uchina iliyoanza kutumika Julai 2013 inawataka wana waishio mbali na wazazi wao wazee wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara. Huko Uingereza, mwezi Januari 2018, serikali ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Mataifa mawili yaliyowasomesha wana wao mpaka wakaenda mbali, moja limeandika sheria, jingine limeunda wadhifa, yote kwa kidonda kimoja. Hatusemi haya kwa kuwacheka, kwani wetu pia wako mbali, na viti vyao mezani ni vitupu. Twasema kwa kuwa tulijiuliza: huyu mmoja aliyebaki tukimfunza kwamba thamani yake ni alama yake, siku alama zitakapompeleka mbali atarudi kwetu kufuata nini?

Tukakumbuka chuo chetu cha Qur'ani, mkekani, zama za utoto. Tulikariri kwa sauti kama Wachina wanavyosemwa, wala hakuna aliyetuuliza kipaji chetu. Lakini mwalimu hakutupanga kwa nambari. Kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu, akisonga kwa mwendo wake, na aliyetangulia alimshika mkono wa nyuma. Aliyechelewa kukhitimu alikhitimu, naye akasomewa dua ile ile. Walimu wengine walikuwa na bakora nzito, hatufichi. Hata hivyo hatukumbuki kumsikia mwalimu akimwambia mtoto kwamba herufi hazimo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tulikuwa karibu kuusahau mbachao wetu.

Usiku ule, baada ya swala ya isha, tuligonga mlango wa chumba chake. Tulimwomba radhi, sote wawili, kila mmoja kwa neno lake alilolisema. Si jambo jepesi kwa mzazi wa kwetu. Alikaa kimya, akizungusha kalamu, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwaamini naweza?" Tukamjibu kwamba hatujui atapata alama gani, lakini twaamini kwamba hesabu hazijaingia bado.

Sasa kila siku baada ya isha mmoja wetu huketi naye nusu saa. Hesabu zenyewe tumezisahau zamani, basi yeye ndiye hutueleza, na akikwama katika kueleza hugundua mwenyewe palipo na tundu. Muhula uliopita alipata C. Mtihani wa taifa ungali mbele, na hatuwezi kuahidi lolote. Lakini Ijumaa amerudi barazani, na juzi alimkosoa kaka yake hesabu moja, wakacheka wote watatu, mmoja usiku, mmoja mchana, mmoja kando yetu na kikombe cha kahawa mkononi.

Wazazi wenzetu, wengi wenu mna wana ng'ambo, na wengi mna aliyebaki nyumbani akisikia kila siku habari za walioondoka. Twawaomba mumtazame huyo aliyebaki. Mwenyezi Mungu awajaalie wana wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi ulimi usiowavunja. Amin.