Baraza ya Mbele: Kutoka Daka la Lamu hadi Geti la Kibada

Baraza ni sehemu ya mbele ya nyumba iliyoinuliwa kutoka ardhini, ikasakafiwa, ikatiwa kivuli, ili watu waketi bila ya kuwa wameingia ndani. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki imebeba kazi mbili zinazoonekana kupingana: kumkaribisha mpita njia, na kumzuia asione yaliyomo ndani. Mabadiliko yaliyoikumba katika muda wa maisha ya mtu mmoja ni ya kazi ya pili kuishinda ya kwanza.

Mfano wa zamani unaoonekana hadi leo ni daka la nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18. Daka ni kibaraza kilichozama ukutani, kina viti vya mawe kulia na kushoto, na mlango katikati. Mgeni asiye wa ukoo hukaa hapo, akaamkiwa, akaletewa kahawa, akamaliza haja yake na kwenda zake, wala haoni kuwa amenyimwa kitu. Baada ya mlango huja tekani, ukumbi mdogo uliopinda, ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Nyuma yake kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, na mwisho kabisa ndani kwenyewe. Kadiri mtu anavyozidi kuwa wa nyumba ndivyo anavyoruhusiwa kusogea mbele. Fundi wa Lamu alijenga adabu kwa mawe na chokaa, na daka ndiyo hatua yake ya kwanza.

Zanzibar, katika Mji Mkongwe, baraza haikuzama ukutani bali imetokeza nje na kufuata ukuta wa nyumba kando ya njia, mara nyingine toka kona hadi kona. Mvua za masika zikijaza vichochoro, watu huacha njia na kupita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, na hakuna anayeombwa ruhusa. Maisha yake ya siku za kawaida yanaonekana vizuri zaidi Jaws Corner, ambako muuza kahawa, wacheza dhumna na wabishi wa siasa wanagawana kivuli kimoja. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lamu ilifuata mwaka 2001. Hata hivyo, adui mkubwa wa baraza za mawe amekuwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini, na chokaa huuacha utoke. Ukizibwa kwa saruji, unyevu na chumvi hutafuta pa kutokea, na plasta huanza kubanduka palepale watu wanapoegemea migongo.

Baraza iliyokaliwa na watu wengi zaidi, lakini, si ya mawe. Ni ile ya nyumba ya vyumba sita iliyoenea Ng'ambo ya Unguja, Majengo ya Mombasa, na hasa Dar es Salaam: Kariakoo, Ilala, Temeke, Magomeni. Ramani yake inajulikana na kila fundi. Katikati ni ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi ua wa nyuma. Kila upande una vyumba vitatu. Uani kuna jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Kuta za mwanzo zilikuwa za fito na udongo, na paa la makuti au madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Baadaye yakaja mabati na matofali ya saruji. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba nyingi za udongo jijini na kujenga za matofali mahali pake. Makuti yaliondoka na udongo ukaondoka, baraza ikabaki.

Mwandishi wa makala haya alikulia Magomeni katika nyumba ya namna hiyo, miaka ya 1970, na baraza anayoielezea hapa ni ile. Ilikuwa na mbawa mbili, moja kila upande wa mlango, chini ya paa lililorefushwa mbele na kushikiliwa na nguzo za mti. Kimo chake kilikuwa kama dhiraa moja, hivyo mtu mzima alikaa na miguu ikagusa chini, na mtoto alikaa miguu ikining'inia. Upana wake ulitosha kuegemea ukuta bila magoti kutokeza njiani, na mchana ulitosha kulaza mtu kwenye mkeka. Sakafu ilipigwa niru, ikang'aa kwa kukaliwa. Ukuta ulipakwa chokaa kwa juu, lakini kuanzia kwenye kikalio hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi ulipakwa rangi ya mafuta ya kahawia, kwa sababu migongo na nywele zenye mafuta huacha madoa. Mstari huo wa kahawia ulikuwapo karibu kila nyumba ya mtaa, na ulipoanza kuchakaa ulionyesha ni wapi hasa wazee walipenda kuegemea.

Siku ilikuwa na zamu zake. Alfajiri baraza ilikuwa ya wauza vitumbua na maandazi. Asubuhi ilikuwa ya fundi cherehani, aliyekaa upande wa kushoto na kumlipa mwenye nyumba kodi ndogo, mara nyingine kwa kumshonea nguo za Idi. Baada ya adhuhuri wanawake walitoka uani wakiwa na watoto wa kusukwa nywele na ukili wa kusuka. Ni kosa kudhani kwamba baraza ilikuwa mali ya wanaume mchana kutwa. Wanaume waliirithi tu jua lilipopoa, na baada ya magharibi ikawa yao kabisa. Bao, karata, kahawa chungu na kashata. Redio iliwekwa dirishani, uso wake ukiangalia nje, ikitangaza mpira wa Simba na Yanga, na mwaka 1978 na 1979 habari za vita vya Kagera. Mpangaji wa chumba cha mbele, ambacho dirisha lake lilifunguka juu ya baraza, hakuwa na hiari. Alilala pale mazungumzo yalipokwisha.

Sheria zake hazikuandikwa popote, ila zilishika. Anayepita ndiye humsalimu aliyeketi. Mdogo husema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kukaa barazani hakuhitaji hodi; kuvuka kizingiti kunahitaji, tena mara tatu, na asipoitikiwa mtu anarudi. Mgeni aliambiwa "karibu" akajibu "starehe" na kuendelea na safari, na wote wawili walikuwa wametimiza wajibu. Nyumba ikifiwa, majamvi yalitandikwa kuanzia barazani hadi katikati ya njia, wanaume wakakaa hapo na wanawake wakajaa ndani, na magari yakatafuta mtaa mwingine.

Juu ya yote, baraza ilikuwa na mwenyewe. Mwenye nyumba, mara nyingi bibi mtu mzima, aliifagia, aliinyunyizia maji kutuliza vumbi, na aliweza kumwambia yeyote ainuke. Mlevi hakukaa. Kijana aliyetukana mbele ya wakubwa alirudishwa kwao, na habari zikafika kabla yake.

Pigo la kwanza halikutoka kwa wajenzi bali kwenye sheria. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha Sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na misako ikaanza mijini. Mwanamume aliyeonekana ameketi saa nne za asubuhi alilazimika kujieleza. Baraza, iliyokuwa alama ya mtu mwenye staha na nafasi, ikawa mahali pa kukamatiwa. Misako ilipita, lakini hofu hiyo iliacha alama yake kwa wazazi, ambao tangu hapo hawakupenda kuona vijana wao wakikaa nje bila kazi mkononi.

Pigo la pili lilikuwa la pesa. Biashara ilipolegezwa masharti baada ya mwaka 1985, wenye nyumba waligundua kwamba chumba cha mbele kinacholala mtu kinaweza kuwa duka. Dirisha likabomolewa na kuwa mlango, baraza ikawa kizingiti cha duka, na mitungi, ndoo na mikungu ya ndizi ikakaa walipokuwa wakikaa watu. Fremu moja ilizaa ya pili. Kariakoo mchakato huo ulikwenda hadi mwisho: nyumba zenyewe zilivunjwa, yakapanda maghorofa, na upande wa barabarani ni fremu tupu toka pembe hadi pembe. Kama ni hasara, ni hasara iliyoingizia familia nyingi kipato, na si haki kuilalamikia kana kwamba ilikuwa ujinga.

Televisheni za binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, zilimaliza kazi kwa upole. Redio inaweza kusikilizwa kutoka nje. Televisheni inamtaka mtu aingie sebuleni. Katika miaka hiyohiyo mafundi wa kuchomelea walipata wateja wengi wa grili. Kwanza zilikuja za madirisha, kisha za mlango, na mwishowe nondo zikafunga baraza yenyewe toka sakafuni hadi darini, mwenye nyumba akaketi ndani yake kama ndege tunduni, akisalimiana na watu kupitia matundu.

Mtindo uliofuata uliiondoa nyumba barabarani kabisa. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo ya pembezoni kama Kibada, Tuangoma, Bunju na Mbweni, na wengi waliojenga huko walianza na ukuta kabla ya msingi wa nyumba. Ndani ya ukuta baraza imerudi kwa sura kubwa kuliko zamani: nguzo nene za duara, vigae vinavyoteleza, ngazi pana. Nyingi hazikaliwi na mtu. Huegeshwa pikipiki, huanikwa nguo, huwekwa jenereta. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa kuwa mbele yake kuna ukuta na geti, na hakuna anayepita wa kusalimiana naye. Veranda za wazungu wa Oyster Bay enzi za ukoloni zilikuwa hivyohivyo, zikiangalia bustani na bahari. Nyumba ya Kibada imefuata nasaba hiyo, si ya Magomeni.

Watu, hata hivyo, hawakuacha kukaa. Walihamia vijiweni: benchi la mbao chini ya mwarobaini, kituo cha bodaboda, meza ya muuza kahawa kando ya duka. Kijiwe kina kivuli na habari kama baraza, lakini hakina mwenye nyumba. Hakuna wa kumwinua mlevi, hakuna wa kufagia, na wanawake hukipita kwa haraka. Yale yanayolalamikiwa kuhusu vijiwe ni yale ambayo zamani yalizuiwa na mtu mmoja mwenye ufagio.

Kwa anayejenga leo na kutaka mbele ya nyumba pakaribishe, vipimo vya zamani bado vinafaa. Kikalio kiwe na kimo cha sentimita 40 hadi 45, na upana wa kama 60. Paa lirefushwe lizidi kikalio kwa kiasi cha kuzuia mvua ya upepo. Mbele ya nyumba ikiangalia magharibi, jua la alasiri halizuiliki kwa paa peke yake. Panahitajika mti au chanja ya mmea wa kutambaa. Sakafu iwe laini lakini isiwe ya vigae vya kung'aa, ambavyo vikilowa huangusha wazee. Ukuta wa nyuma upakwe rangi inayooshwa. Taa iwe hafifu na iwekwe pembeni, kwa sababu taa kali juu ya kichwa hufukuza watu na kuita wadudu.

Lakini yote hayo ni bure kama baraza haionani na njia. Asiyetaka kuacha ukuta, na wapo wenye sababu nzuri za kutouacha, anaweza kuurudisha ndani ya mpaka wa kiwanja kwa mita moja na nusu hivi karibu na geti, na kujenga kikalio upande wa nje, chini ya kipaa kifupi. Nafasi hiyo inatosha watu wanne au watano na mtungi wa maji. Ijengwe ndani ya kiwanja, isiingie kwenye hifadhi ya barabara; ikiingia, itapigwa alama ya X na kubomolewa bila fidia.