Kuvuka Kivu na chupa ya oksijeni

Mama yangu alikaa mwaka mzima bila kutoka kwenye parcelle yetu ya Goma, isipokuwa siku za hospitali. Miguu ilikuwa mizima. Aliona haya kwa ajili ya ule mpira mdogo wa puani. Miaka zaidi ya arobaini ya kupuliza kuni na makala katika jiko lisilo na dirisha ilichosha mapafu yake, na munganga akamwandikia lita 2 za oksijeni kwa dakika, mchana na usiku. Kisha dada yake mkubwa, aliye Bukavu, akatuma neno: macho yanafifia, anataka kumwona mdogo wake kabla hayajazimika.

Tulifikiria ndege. Munganga alikataa, maana hewa ndani ya ndege hupungua nguvu kama mtu aliyepanda mlima, nasi huku Kivu tayari tunaishi juu, karibu mita 1.500. Barabara ya Minova nayo mnaijua, mashimo na vumbi. Basi tukabaki na ziwa.

Mashine yake ya nyumbani huvuta oksijeni kutoka hewani, lakini haifanyi kitu bila umeme, na jenereta ya bwato huzimwa wakati wowote. Tuliibeba kwa ajili ya kukaa Bukavu tu. Njiani tulitegemea chupa za chuma. Hesabu alinifundisha infirmière mmoja, nami nawapa kama alivyonipa: chupa ya lita 10 iliyojazwa hadi 150 kwenye saa yake ina lita 1.500. Mama anatumia lita 120 kwa saa moja. Kutoka mlango wetu hadi mlango wa mama mkubwa tulihesabu saa kumi, yaani lita 1.200. Chupa moja ingetosha. Tulibeba mbili.

Kwenye bandari, mwuza tiketi alipoziona akasema hizo ni bomu. Nilikasirika, lakini hakukosea kabisa: oksijeni yenyewe haiwaki, ila inaufanya moto mdogo kuwa mkubwa kwa ghafla. Nilimwomba kapiteni atuweke mbali na mashine na mbali na mama anayepika chai kwenye mbabula, na abiria wa karibu wasivute sigara. Alikubali, na yeye mwenyewe akafunga chupa kwa kamba kwenye nguzo zisiviringike. Mama alitaka kujipaka vaselini puani kwa sababu ya ukavu. Hapana, mafuta na oksijeni havikai pamoja. Nilimlowanishia kwa maji safi. Na kabla ya yote nilimvika jile. Tangu bwato la Minova lizame mbele ya Kituku, mwezi wa kumi 2024, sipandi chombo kilichojaa kupita kiasi, hata nikiitwa mwoga.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Nyuma yetu Nyiragongo ilikuwa na moshi wake kichwani. Mama alijifunika kitenge hadi puani, akatazama sakafu. Mtoto wa jirani, wa miaka minne hivi, akamwuliza: «Tate, hiyo kamba inaenda wapi?» Nikaogopa. Mama akamwonyesha chupa, akamwambia, «Ndani ya hii kuna upepo wangu.» Mtoto akaweka sikio kwenye chuma asikilize. Tangu hapo kitenge kilishuka mabegani, na alipoona Idjwi, na wavuvi wa sambaza wakirudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, alianza kusimulia namna baba yake alivyomvusha akiwa msichana.

Saa tano, mashine ya bwato ikanyamaza. Watu wakaanza kusali kwa sauti. Nilitazama saa ya chupa: karibu 80. Inashuka kama 12 kila saa, kwa hiyo tulikuwa na zaidi ya saa sita, na chupa ya pili haijaguswa. Pumzi ya mama iliongezeka kwa woga, na ndugu yangu akataka kufungua oksijeni zaidi. Nilimshika mkono. Kwa mapafu ya namna hiyo, oksijeni nyingi mno inaweza kumlaza mtu asiamke. Tuliweka kipimo kwenye kidole: 90. Munganga alitaka kati ya 88 na 92. Tulimwinamisha mbele, viwiko magotini, akatoa pumzi polepole kama anayepoza uji. Baada ya saa moja mashine ikawaka.

Kumbe ziwa lilikuwa sehemu nyepesi. Bukavu ni vilima, na nyumba ya mama mkubwa iko Kadutu, juu ya ngazi ambazo gari halifiki. Hilo sikulihesabu, na ni kosa langu. Ukipanga safari ya mgonjwa, uliza kwanza ngazi ni ngapi. Tulitafuta kiti na vijana wanne.

Hatukukitumia. Mama mkubwa alikuwa ameshuka mwenyewe hadi chini, ameshikwa mkono na mjukuu, amekaa juu ya jiwe. Hakuuona mpira. Aliupapasa kwa vidole usoni mwa mdogo wake, akaufuata hadi nyuma ya sikio, akauliza kama unawasha. Mama akasema unawasha kidogo. Kisha wakaagiza sambaza, pale pale chini.