Kinangop: Nyumba Njema si Mlango

Sisi watu wa pwani huicheka baridi ya bara mpaka itupate wenyewe. Asubuhi ya kwanza nilipoamkia Njabini, katika uwanda wa juu wa Kinangop, nilijifunga shali ya mke wangu bila haya yoyote.

Uwanda huo umo katika kaunti ya Nyandarua, kando ya milima ya Aberdare, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Nilikwenda kumtazama ndege asiyepatikana popote duniani ila Kenya. Wataalamu humwita Macronyx sharpei, nao wamemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mgongo wake una michirizi ya hudhurungi kama nyasi kavu, kidari chake ni cha manjano, na ukucha wa kidole chake cha nyuma ni mrefu ajabu.

Mwenyeji wangu, mama mkulima wa makamo, alinipitisha katika malisho mawili yaliyopakana. Yote yalikuwa ya kijani, na machoni pangu hayakuwa na tofauti. Katika la kwanza tulizunguka tusione kitu. La pili lilikuwa na mashungi ya nyasi ngumu, yametawanyika kati ya nyasi fupi zilizolishwa na ng'ombe. Hapo ndipo aliporuka mmoja mbele yetu, akatua, akaanza kutembea kama mwenye nyumba.

"Mzee, ng'ombe hawayapendi mashungi haya," mama akanieleza. "Jirani ameyang'oa yote apate malisho zaidi."

Hapo nikaelewa. Ndege huyu hutafuta wadudu penye nyasi fupi, lakini kiota chake hukijenga chini, amejificha katika shungi. Ng'ombe wa kiasi humfaa, kwani huzifupisha nyasi. Shungi likiondoka, chakula kitabaki lakini pa kulelea makinda hapatakuwapo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi hata anayewahifadhi ndege asitosheke kuwaona wakitua mahali. Na aulize kama makinda yao hufikia kuruka.

Jembe ndilo lililo baya zaidi, maana shambani ndege huyu hakai kabisa. Baada ya uhuru wa 1963 ardhi hii iligawiwa wakulima wadogo, na kila kizazi kinaigawa tena. Viazi na kabeji zimechukua mahali pa nyasi. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande kadhaa ili vibaki malisho, lakini sehemu kubwa ya uwanda ni mali ya familia kama hii.

"Mwanangu ataka tulime hapa viazi," mama akasema. "Kiazi hulipa karo. Ndege huyu atanilipa nini?"

Sikuwa na jibu, wala sikujitia kuwa nalo. Ni rahisi kwa mgeni kusifu nyasi asizozilipia. Nilimwuliza tu ataamuaje. Akasema wataketi kama familia kabla ya mvua, wazungumze.

Tulipogeuka kurudi, nilimwona akilizunguka shungi alikotua yule ndege, asije akalikanyaga. Tangu nirudi nyumbani, kila mvua za bara zinapotajwa, hujiuliza waliamua nini.