Usiichemshe Nguo ya Kuogelea

Kwetu nguo ya mtoto hununuliwa ya kukulia. Sketi ya shule inapindwa chini, kiatu kinatiwa pamba mbele, na gauni la Idi hii ndilo la Idi ijayo. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mimi mwenyewe nilisoma darasa la tano mpaka la saba kwa sketi moja. Lakini ipo nguo moja isiyoikubali kabisa, nayo ni nguo ya kuogelea. Ikipwaya, hubeba maji.

Binti yangu ana miaka tisa. Hapa Uingereza kuogelea ni sehemu ya mtaala wa shule za msingi. Anapomaliza darasa la sita mtoto anatakiwa awe anaweza kuogelea angalau mita 25 na ajue namna ya kujiokoa majini. Dada yangu aliyeko Maskati aliposikia hivyo akamletea bukini ya buluu, nzuri sana, suruali na gauni lake fupi na kilemba chake, saizi ya mtoto wa miaka kumi na miwili. "Mwache, atakulia humo humo," akaniambia kwenye simu.

Wiki ya tatu ya masomo, tumbo likaanza kumuuma kila Jumatano asubuhi. Jumatano ndiyo siku ya bwawa. Miaka yangu wodini imenifundisha kwamba tumbo linalofuata kalenda halitaki dawa, linataka kuulizwa. Nikamketisha kitandani, akasema: gauni linajaa maji na kupanda mpaka usoni, na akipiga miguu suruali inashuka, kwa hiyo muda wote anaishikilia kwa mkono mmoja. Sasa nani amejifunza kuogelea kwa mkono mmoja?

Nikauliza watu. Wote, kuanzia mama aliyeko Wete mpaka jirani yangu Mghana, walinipa jibu moja: itie kwenye maji ya moto itarudi. Wengine wakaongeza mashine ya kukaushia. Kabla ya kuigusa ya mtoto nikachukua nguo kuukuu ya aina hiyo hiyo iliyokuwa ikingojea kutupwa, nikakata vipande viwili vya sentimita 20, nikavipima kwa tepu, maana kazi yetu ni kupima kabla na baada. Kipande cha kwanza nilikilaza nusu saa kwenye beseni la maji yaliyotoka birikani (watoto wakiwa wamelala, nimeshawahudumia wengi walioungua kwa maji ya birika). Kilipokauka kilikuwa sentimita 19 na nusu. Nikakilowesha, nikakivuta kidogo kama mwili unavyokivuta, kikarudi 20 yake. Cha pili nilikitia kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la juu, mara tatu. Hicho kilipungua kweli, lakini kilitoka na mawimbi pembeni kama chapati iliyoachwa kwenye chuma, na ukikivuta hakirudi tena.

Sababu yake si ngumu. Uzi wa pamba huvutwa sana kiwandani wakati wa kusokotwa na kufumwa. Ukikutana na maji ya moto unalegea na kujirudia, ndiyo maana fulana hunywea. Nguo ya kuogelea kwa kawaida ni nailoni au poliesta, na hiyo imeshapitishwa kiwandani kwenye joto kali kuliko maji yanayochemka ili ishike umbo lake. Birika lako haliitishi. Ndani yake huchanganywa spandeksi, ule uzi unaovutika na kurudi, na huo ndio unaoumia kwa joto. Kwa hiyo ukichemsha, nguo hainywei, inazeeka. Itakaa vizuri wiki moja, kisha ilegee kuliko mwanzo.

Msomaji anaweza kusema: si ununue nyingine? Ningeweza. Lakini zawadi ya mama mkubwa haiwekwi kabatini bila maneno, na mtoto mwenyewe anaipenda rangi yake. Na lipo jambo jingine. Nimezaliwa Pemba, kisiwani, na sijui kuogelea. Wavulana walikuwa wakijirusha kutoka gatini. Sisi wasichana mwisho wetu ulikuwa maji ya magotini, tukiokota kombe, na nguo zetu zenyewe zilikuwa za kutuzamisha. Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Unguja. Julai ya mwaka uliofuata ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Sidai kwamba mita 25 zingemtoa mtu kwenye mkondo ule. Nasema tu kwamba binti yangu hatakaa nje ya maji kwa sababu ya kiuno cha suruali.

Basi nikatoa cherehani. Nilimvalisha bukini ndani nje, nikabana pembeni kwa pini za mtoto, nikamwambia ainue mikono, achuchumae, apige miguu akiwa amelala kwenye zulia. Alicheka sana. Ukipunguza sentimita moja tu kwa kila mshono wa pembeni, mzunguko mzima umepungua sentimita nne, kwa hiyo usiwe na pupa. Sindano iwe ile ya vitambaa vinavyovutika, yenye ncha ya mviringo, kwani ya kawaida hutoboa nyuzi na kuacha vitundu. Uzi uwe wa poliesta. Mshono uwe wa zigizaga. Mshono ulionyooka hukatika siku ya kwanza mtoto anaporuka. Kiunoni nilifumua na kutia lastiki mpya, kisha nikashona vitanzi viwili vya kufungia gauni kwenye suruali lisipande tena. Bukini nyingi huja na kitanzi hicho. Hii haikuwa nacho. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Kimekunjwa ndani, kimeshikizwa kwa mshono mwepesi, na mwakani nitafumua. Dada hatakosa la kujisifia.

Jaribio nililifanya kwenye bafu letu, maji yamejaa, maana nguo hii kavu hudanganya: ikilowa hulegea kidogo. Kama kavu inamkaa sawa bila kubana hata kidogo, basi bado ni kubwa.

Akitoka bwawani tunaisuuza kwa maji baridi kuondoa klorini, hatuikamui kwa kuisokota, tunaianika kivulini. Pasi haiioni.

Jumatano iliyofuata tumbo halikuuma. Baada ya wiki nne aliniambia ameogelea mita kumi bila kushika ubao, kisha akaniuliza, bila utani, kwa nini mimi siendi. Bwawa letu lina darasa la wanawake Jumapili jioni. Nimebadilishana zamu na mwenzangu, nimenunua bukini yangu, nyeusi, ya saizi yangu hasa. Wiki iliyopita nilifika mahali maji yanapogusa kidevu.