Tunatafuta wa Nne



Sisi wasimamizi wa mwaka wa sita, wenye kunyang'anya telefone ndani ya darasa (tunajua mtacheka), siku ya posho tunacheza Free Fire kule Lubuye, kama umeme wa Bendera uko.

Asiyeujua mchezo huu, uliotoka mwaka 2017, asikie. Watu 50 wanashuka na parashuti juu ya kisiwa. Kikosi ni watu 4. Kila mtu anachagua mtu wake. Kelly anakimbia kuliko wengine. Moco, akipiga adui, anamtia alama. Alok (jina la mpiga muziki wa Brazili) anaponyesha wenzake na kuwaongezea mwendo, lakini sherti mukae karibu naye, ao haisaidii kitu.

Wote tulitaka Kelly, yaani kila mtu akimbie mbele aue peke yake. Mmoja tu, kijana mpole, alikuwa Alok. Tulimwita boyi. «Weye hauue mtu, unabeba paka dawa!» Posho moja hakuja tena. Tukatia mwingine wa mbio. Tangu pale tunakufa mapema, kila mtu ku kona yake, hakuna wa kumwinua aliyeanguka.

Basi tulikwenda kwao Kataki kumwomba arudi. Mama yake alitupa bukari na ndagala. Yeye alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Munatafuta mimi, ao munatafuta Alok?»

Hatukujibu vizuri. Posho hii tutarudi kwake, bila telefone.