Jina la Babu katika Bahasha ya Marehemu

Novemba iliyopita, sisi mafrateri watatu tuliokuwa kwenye utume Buguruni tulitumwa kupita jumuiya ndogo ndogo, tukikusanya majina ya marehemu wa kuombewa. Huko Malapa, bibi mmoja Mmwera, mzaliwa wa Lindi, alishika kalamu akasita.

"Wanangu, babu yangu alikuwa Mwislamu. Naye anaandikwa?"

Tulitazamana. Jua lilikuwa linazama na nyumba zilikuwa zimebaki nyingi. Kabla hatujajibu, akaongeza, "Yeye ndiye aliyebeba mifupa ya Tendaguru."

Tukakaa.

Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua hapo mifupa ya dinosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha 1907 tu, na makovu yake yalikuwa bado mabichi. Mamia ya wenyeji walichimba, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937.

"Babu alituambia ni mifupa ya jitu," bibi alisema. "Kilima kile kina wenyewe. Alibeba kwa sababu alihitaji kula, lakini kila walipolala njiani aliiomba ile mifupa isimlaumu."

Hatukubishana naye kuhusu jitu. Tulimweleza kwamba mnyama yule mkubwa alipewa jina kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin, na kwamba mwaka 2019 dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyegundua mabaki yake. Bibi alilirudia jina hilo mara tatu, akacheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kumbe na sisi tumo!"

Darasani tumesoma katika kitabu cha Kutoka kwamba Musa alipotoka Misri aliichukua mifupa ya Yusufu. Siku zote tulimfikiria Yusufu na ahadi aliyowaapisha ndugu zake. Malapa ndipo tulipojiuliza kwa mara ya kwanza: ni mabega ya nani yaliyolibeba lile sanduku miaka yote ile jangwani?

Basi tukamjibu bibi. Kanisa huwaombea marehemu wote. Katika Sala ya Ekaristi ya Nne tunawakumbuka hata wale ambao ni Mungu tu anayeijua imani yao. Akaandika jina la babu yake taratibu, kwa herufi kubwa. Alipomaliza hakuirudisha kalamu. Chini yake akaongeza: "na wenzake wa njiani".

Ndugu msomaji, bahasha ya jumuiya yako itakapokufikia, waulize kwanza wazee wa nyumbani. Huenda yuko mtu aliyebeba mzigo mkubwa, na jina lake limebaki kwa mtu mmoja tu.